Gari Linalochemsha Katika Foleni

Msimu wa kaskazi unapoingia, na hasa baina ya Desemba na Machi, wakati lami ya Barabara ya Morogoro inaporudisha juu joto lote ililolipokea tangu asubuhi, haipiti jioni ila utaliona gari moja au mawili kando ya njia, boneti limefunguliwa, mvuke unapaa, na mwenyewe amesimama hatua chache mbali nalo asijue ashike lipi aache lipi. Ukimwuliza, aghalabu atakujibu kwamba gari lilitoka Kibaha salama, likaja kwa kasi lisionyeshe dalili yoyote, hata lilipofika Kimara na kuingia katika foleni, mshale wa joto ukaanza kupanda. Maneno hayo machache, ambayo yeye huyatoa kama malalamiko, ni ushahidi wenye thamani kuliko kipuri chochote atakachouziwa kesho yake. Na kusudi la makala haya ni kumsaidia msomaji ausome ushahidi huo kabla hajafungua mkoba wake.

Joto la petroli au dizeli inayoungua ndani ya silinda, kwa kukadiria tu, hugawanyika mafungu matatu yanayokaribiana: thuluthi moja hugeuka nguvu ya kuliendesha gari, thuluthi ya pili hutoka pamoja na moshi katika ekzosi, na iliyobaki huachiwa maji yaichukue. Maji hayo husukumwa na pampu, yakapita katika njia zilizochimbwa ndani ya chuma cha injini, yakatoka moto kwa mpira wa juu na kuingia katika rejeta, na humo yakapita katika mirija myembamba iliyoshikamana na mapezi ya alumini au ya shaba, ambapo hewa huyapunguzia joto kabla hayajarudi kwa mpira wa chini. Gari likienda kwa kasi, hewa hiyo hujiletea yenyewe, na feni haina kazi kubwa; lakini likisimama katika foleni, upepo wa mwendo hukatika, na hapo feni peke yake ndiyo inayobaki na dhamana yote. Jambo hili walilitambua wahandisi tangu siku za awali za magari: Wilhelm Maybach alipolitengenezea gari la Mercedes la mwaka 1901 rejeta mpya ya mirija midogo midogo, hakutosheka na rejeta hiyo peke yake, bali aliweka na feni nyuma yake, ili gari liweze kupoa hata linapokwenda polepole.

Kwa hiyo, swali la kwanza lipasalo kuulizwa ni hili: gari huchemsha wakati gani? Ikiwa huchemsha linaposimama au kutambaa, kisha mshale ukashuka mara njia inapofunguka, basi tuhuma ya kwanza iangukie hewa, yaani feni na vitu vinavyoihusu, na usafi wa mapezi. Ikiwa hutulia mjini lakini huchemsha likipanda mlima au likikimbia muda mrefu, basi tazama upande wa maji: rejeta iliyoziba kwa ndani au pampu iliyochoka. Na ikiwa huchemsha kila mahali, tena dakika chache tu baada ya kuwashwa, basi ama maji yamepungua, ama themostati imekwama ikiwa imefungwa, ama gasketi ya silinda hedi imeungua. Sisemi kwamba kanuni hii haina mapungufu, kwani rejeta iliyoziba nusu yaweza kujificha miezi mingi, kisha ikajitokeza mara ya kwanza katika foleni ya saa nane mchana, kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Walakini atakayeanza uchunguzi wake kwa kanuni hii atakuwa karibu na haki mara nyingi zaidi kuliko yule aanzaye kwa kubadilisha vipuri.

Kabla ya uchunguzi, yapasa tuseme la kufanya siku yenyewe ya msiba. Mshale ukianza kupita mahali ulipozoea kukaa, zima kiyoyozi papo hapo, kisha, ingawa nafsi itakataa, fungulia hewa ya moto ya ndani ya gari hadi mwisho pamoja na feni yake, na uteremshe vioo; maana kile kipasha-joto ni rejeta ndogo ya pili, nacho huyatoa maji sehemu ya joto lake. Ikiwa gari ni la gia za otomatiki, liweke katika N kila linaposimama. Hayo yasipotosha, tafuta mahali pa salama, usimame. Ikiwa mshale umefika katika nyekundu, au mvuke umeonekana, zima injini bila kujadiliana na mtu. Kila dakika unayoiendesha baada ya hapo kwa tamaa ya kufika nyumbani yaweza kukugharimu injini nzima.

Na sasa jambo ambalo nalisema kwa msisitizo kuliko yote yaliyomo humu: usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto. Kifuniko hicho si kizibo cha kuzuia vumbi, bali ni vali ya kushikilia mkazo, na juu yake utakuta pameandikwa 0.9 au 1.1, au tarakimu iliyo karibu na hizo. Maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzi 100, lakini chini ya mkazo wa 0.9 hayachemki hadi yafike karibu nyuzi 118. Basi yule anayekizungusha kifuniko huondoa mkazo huo kwa ghafula, na maji ambayo dakika iliyopita yalikuwa yametulia hugeuka mvuke kwa mkupuo mmoja na kumrukia usoni na kifuani. Wengi wameunguzwa hivyo, na wengi wao walikuwa wamefunga kitambaa mkononi wakidhani kinatosha. Subiri nusu saa au zaidi, mpaka uweze kuushika mpira wa juu kwa kiganja kitupu na kuubonyeza bila kuhisi mkazo. Ndipo ufungue taratibu. Wala usimimine maji baridi katika injini iliyo moto, kwani chuma kinachopozwa kwa ghafula namna hiyo huweza kupasuka au kupinda. Ikiwa umepata maji na injini imepoa, yamimine kidogo kidogo, uiwashe, uyaongeze kadiri yanavyoshuka.

Gari likiisha kufika nyumbani, uchunguzi wa haki huanza asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Fungua rejeta yenyewe, usiridhike na kutazama chupa ya akiba, kwa sababu chupa yaweza kujaa hali rejeta haina kitu, hasa kifuniko kikiwa kibovu. Maji yapaswa kufika mdomoni na yawe na rangi safi. Ukiyaona ya kutu au ya matope, umekwisha kupata habari. Tazama mpira wa ndani wa kifuniko: ukiwa umepasuka au umekakamaa, badilisha kifuniko, nacho ni katika vipuri vya bei nafuu kuliko vyote, ila hakikisha kipya kina tarakimu ile ile ya cha kwanza.

Kisha washa gari, uwashe na kiyoyozi. Katika magari mengi yenye feni ya umeme, feni hupaswa kuzunguka muda mfupi tu baada ya kiyoyozi kuanza kazi. Na kama feni ni mbili, tazama zote mbili, kwa maana kufa kwa moja kati ya mbili ni ugonjwa uliojificha sana: gari hupoa vizuri asubuhi na usiku, likashindwa mchana tu. Zima kiyoyozi, uache injini ingurume mahali pamoja mpaka maji yapate moto. Katika magari mengi feni huamka maji yakiwa kati ya nyuzi 90 na 100, ikazunguka kitambo, ikazima, kisha ikaamka tena. Ukiona mshale unapanda na feni imelala, usihangaike tena na rejeta wala pampu kwa siku hiyo; ugonjwa umekwisha kujitambulisha.

Feni iliyolala huchunguzwa kwa utaratibu wa kutoka kwenye rahisi kwenda kwenye ghali. Anza na fyuzi. Ikiwa nzima, nenda kwenye rilei; mara nyingi ndani ya sanduku lile lile la fyuzi na rilei mna rilei nyingine ya namna moja nayo, kwa mfano ya honi, basi zibadilishane mahali, na kama feni imeamka na honi imenyamaza, umemaliza kazi kwa gharama ya rilei moja. Zote zikiwa nzima, chomoa plagi ya feni, uipelekee umeme wa volti 12 kutoka katika betri kwa nyaya mbili zenye fyuzi. Isipozunguka, mota yake imekufa, na aghalabu ni makaa yake ya ndani yaliyokwisha. Ikizunguka kwa nguvu, basi mota haina hatia, na kosa liko katika waya, au katika sensa ya joto inayopaswa kuiamuru. Katika hatua zote hizi vidole na nguo zilizolegea viwe mbali na feni, kwa sababu feni ya umeme huweza kuamka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa.

Iko feni nyingine ambayo huzunguka na bado haifanyi kazi, nayo humhadaa hata fundi mzoefu. Yawezekana inazunguka kwa udhaifu; yawezekana pia, baada ya matengenezo, nyaya zake zimegeuzwa ikawa inasukuma hewa kinyume. Chukua karatasi moja nyepesi, uiweke mbele ya rejeta, au mbele ya kondensa ya kiyoyozi iliyoitangulia, feni ikiwa inafanya kazi: ikivutwa ikang'ang'ania hapo, hewa inapita, ikianguka au ikipeperushwa kuja kwako, hewa haipiti ipasavyo. Jaribio hili halina gharama, nami simfahamu mtu aliyelijutia. Tazama vilevile ile kava ya plastiki inayoizunguka feni. Mafundi wengi wakishusha rejeta huirudisha bila kava hiyo, au huikata ili kazi iwe nyepesi, wakidhani ni pambo. Ilhali pasipo kava, feni huvuta hewa kutoka katika eneo dogo lililo mbele ya mapanga yake tu, na kuirudia hewa ile ile ya moto iliyokwisha kuitoa. Jirani yangu mmoja wa Kigamboni, ambaye kila siku gari lake lilikuwa likichemsha katika foleni ya kivuko cha Magogoni, alikuwa amekwisha kubadilishiwa themostati, pampu na rejeta, na gari lilipona siku aliponunua kava iliyotumika na kufungiwa mahali pake.

Wenye Land Cruiser, Hilux na Hiace za zamani wana feni ya mkanda, yenye klachi ya mafuta mazito katikati yake. Klachi hiyo hulegea injini ikiwa baridi na kushika ikiwa moto, na inapozeeka mafuta yake huvuja, ikawa imelegea daima, haishiki tena. Zima injini ikiwa imepata moto, kisha, feni ikiisha kusimama, izungushe kwa mkono: ikikataa kidogo, ni nzima, ikizunguka mara nyingi kwa wepesi, imekwisha. Na mkanda uliolegea au kung'aa kwa ndani usiusahau.

Linalofuata ni suala la uchafu, na hapa sisi wa pwani tuna adui wawili. Wa kwanza ni vumbi la njia za udongo, wadudu na mifuko ya plastiki, ambavyo hukusanyika hususan baina ya kondensa na rejeta, mahali ambapo jicho halifiki kwa mbele wala kwa nyuma, mpaka uilaze rejeta kidogo. Wa pili ni chumvi ya hewa ya bahari, ambayo hula mapezi pole pole mpaka yakawa unga yakiguswa kwa kidole. Na mirija isiyo na mapezi hubeba maji bila kuyapoza. Uchafu huoshwa kwa maji ya mkondo mpole na sabuni, kutoka upande wa injini kuelekea mbele, ili utoke ulikoingilia. Mashine ya kuoshea magari yenye mkondo mkali isikaribishwe hapo, kwa kuwa huyalaza mapezi na kuziba njia ya hewa moja kwa moja. Mapezi yaliyooza hayana tiba ila rejeta nyingine.

Sasa nizungumzie mazoea mawili ya gereji zetu, si kwa kuwashutumu mafundi, ambao wengi wao ni watu wa akili na mikono mizuri waliojifunza pasipo vitabu wala vyombo, bali kwa sababu mazoea hayo yana gharama anayoilipa mwenye gari. La kwanza ni kuing'oa themostati na kuitupa, kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto na kifaa hicho ni cha wazungu wa baridi. Themostati ni mlango wenye nta ndani yake, ambayo hutanuka kwa joto na kuufungua, kwa kawaida maji yafikapo nyuzi 82 au 88. Kazi yake ni kuifikisha injini mapema katika joto lake la haki na kuishikilia hapo. Injini isiyo nayo hukaa baridi mno, hula mafuta zaidi, na huchakaa upesi. La ajabu zaidi, ziko injini ambazo themostati ikifunguka hufunga kwa wakati huo huo njia ya mkato inayoyarudisha maji bila kupita katika rejeta; ukiing'oa katika injini hizo, njia ya mkato hubaki wazi daima, na gari ambalo ulitaka lipoe huchemsha kuliko kwanza. Anayeishuku themostati aiweke katika sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, aitie moto, aone inafunguka kwa nyuzi ngapi na kwa upana gani, alinganishe na tarakimu iliyochorwa juu yake. Mbovu ibadilishwe, isiachwe pengo.

La pili ni kuiunga feni moja kwa moja ili izunguke kila gari linapowashwa. Kama njia ya kukufikisha nyumbani, sina neno nayo. Ikifanywa dawa ya kudumu, huichosha mota, huuficha ugonjwa halisi wa sensa au rilei, na ikifanywa kwa waya mwembamba usio na fyuzi, huweza kuanzisha moto.

Kuhusu maji, nasikitika kuona watu wanaotunza oili kwa uangalifu mkubwa wakitia katika rejeta maji ya kisima chenye chumvi. Maji hayo huacha magamba ndani ya mirija, huleta kutu, na hula mapanga ya pampu mpaka ikawa inazunguka bila kusukuma. Kulanti, yaani maji ya dawa yauzwayo kwa ajili ya rejeta, haikutengenezwa kwa ajili ya barafu pekee. Ndani yake mna dawa za kuzuia kutu na za kulinda mipira ya pampu, na faida hizo ni zetu sawasawa na za watu wa nchi za theluji. Yapaswa kuchanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, ila ile iuzwayo ikiwa imekwisha kuchanganywa. Na asidhani mtu kwamba kulanti tupu itapoza zaidi, kwa maana maji ndiyo yabebayo joto vizuri kuliko hiyo. Usipopata maji yaliyosafishwa, maji ya mvua yaliyokingwa safi yana heri kuliko ya kisima. Unaponunua, usiyaite maji ya betri, bali taja wazi kwamba wataka maji yaliyosafishwa, kwa sababu baadhi ya wauzaji huita maji ya betri hata ile asidi yake. Na kila maji yote yanapomwagwa na kutiwa upya, hewa iliyonaswa itolewe: kichwa cha gari kiinuke kidogo, kipasha-joto kiwe wazi, injini ingurume kifuniko kikiwa wazi tangu ilipokuwa baridi, mpaka mapovu yakome.

Mapovu yasiyokoma ni habari nyingine. Ikiwa rejeta hutoa mapovu mfululizo kila injini inapongurumishwa, ikiwa mpira wa juu huwa mgumu dakika chache tu baada ya kuwashwa asubuhi, ikiwa maji hupungua pasipo tone chini ya gari, moshi mweupe ukazidi, au oili katika kijiti ikawa na rangi ya chai ya maziwa, basi gasketi ya silinda hedi iko mashakani. Iko dawa ya majimaji ya buluu ambayo huwekwa juu ya mdomo wa rejeta na kugeuka manjano ikipata moshi wa injini ya petroli. Mtake fundi aitumie kabla hajafungua hedi. Hedi ikishafunguliwa, ipimwe kwa rula ya chuma, na ikiwa imepinda ipelekwe kusawazishwa kwenye mashine. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda haidumu. Na hata hapo ulizia kilichoiunguza, maana mara nyingi gasketi iliyoungua mwezi huu ni matokeo ya feni iliyokufa miezi mingi kabla yake.

Neno moja juu ya mshale. Katika magari mengi ya siku hizi umetengenezwa makusudi utulie katikati, hata maji yakipanda na kushuka kwa nyuzi kadhaa, na unapoanza kusogea hali imekwisha kuwa mbaya. Tena gari ndogo nyingi za Kijapani hazina mshale kabisa, ila taa ya buluu kwa ubaridi na nyekundu kwa hatari. Mwenye gari la namna hiyo atafanya vyema kununua kile kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya dashibodi na kuonyesha katika simu joto la maji kwa tarakimu.

Matengenezo yakiisha, usilichukue gari kwa sababu tu fundi ameliwasha likanguruma. Mwombe liachwe mahali pamoja mchana, kiyoyozi kikiwa kimezimwa, mpaka uione feni imeamka na kuzima walau mara mbili bila mshale kusogea. Kisha kiyoyozi kiwashwe, nawe usimame papo hapo kwa robo saa nyingine. Asubuhi inayofuata, injini ikiwa baridi, fungua rejeta utazame maji. Kama yameshuka kidogo, ni hewa iliyokuwa imebaki, yajaze. Yakishuka tena siku ya tatu, na chini ya gari pakavu, rudi gereji ukaitake ile dawa ya buluu, na safari ya Morogoro ingoje.